Juu ya "Mfadhili wa Figo"

Katika tafsiri za habari za utabibu zinazotufikia, mtu atoaye figo yake ili ipandikizwe kwa mgonjwa huitwa "mfadhili". Neno hili halifai. Mfadhili ni mwenye uwezo amkirimuye asiyenacho. Hugharimia mradi au karo ya mwanafunzi. Mtoaji wa figo huenda akawa maskini kuliko ampaye. "Mchangiaji" nalo lafaa kwa damu, ambayo hukusanywa kwa watu wengi, figo haichangwi. Sisi twapendelea "mtoaji", na aliyeridhia kabla ya kufa aitwe "mtoaji marehemu". Lakini ikiwa walioridhia ni jamaa zake? Hapo tungesema "marehemu aliyetolewa figo", maana kitendo hakikuwa chake. Tofauti hii si ndogo. Madaktari wa Groote Schuur, Cape Town, walioanza mwaka 2008 kuwapandikizia wenye virusi vya UKIMWI (VVU) figo za wenye VVU wenzao, walizipata kwa marehemu. Huko Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 2019, mwenye VVU aliye hai alitoa figo yake. "Mfadhili" lazifunika hali zote mbili.

Kosa zito zaidi lahusu sheria. Mwaka 1988 Marekani ilikataza kupandikiza viungo vya wenye VVU. Katazo hilo lililegezwa mwaka 2013 kwa masharti mawili: mpokeaji naye awe na VVU, na kazi ifanywe ndani ya utafiti. Novemba 2024 sharti la utafiti liliondolewa kwa figo na ini. Lile la mpokeaji halikuguswa. Basi aandikaye kwamba "Marekani yaruhusu figo za wagonjwa wa UKIMWI" amekosea mara mbili. Amemwacha mpokeaji, hata asiye na virusi anayesubiri figo aingiwe na hofu bure. Tena amemwita mgonjwa mtu ambaye, kwa dawa, huenda ni mzima wa kutoa figo. "Waathirika" haliponyi kosa: yatima asiye na virusi naye ameathirika, na sheria haimhusu.

Wapo wanaolikataa "kiungo" kwa kuwa kiwiko ni kiungo na bizari pia ni kiungo. Wao wataka "ogani". Hatuoni haja. Hakuna apandikizaye bizari, na penye figo na iandikwe figo.