"Umbo Tupu" au "Chombo cha Kukombwa"?

Tumesoma tafsiri za ufundi wa kukereza ambamo chombo cha mti wa mjozi, kilichokombwa ndani kupitia mdomo mdogo, huitwa "umbo tupu". Istilahi hiyo haitoshelezi. Utupu ni hali ya kukosa kitu ndani; kukomba ni kazi. Mkerezaji hukata mahali asipopaona, akipima unene wa ukuta mara kwa mara asije akautoboa. Kadhalika, "kumaliza" hakuelezi kupiga msasa na kupaka mafuta: mwanafunzi aliyeambiwa "maliza" atazima keezo aende zake. Twapendekeza "chombo cha kukombwa". Na kazi za mwisho zitajwe moja moja, "kupiga msasa" na "kupaka mafuta". Maneno hayo mafundi wanayo tayari.