Utafiti Uliofanywa kwa Magoti na Mgongo

Tasnifu ya Katherine Dunham kuhusu ngoma za Haiti ilichapwa Mexico mwaka 1947, kisha ikatoka Ufaransa ikiwa na dibaji ya mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss. Ukiisoma bila kujua ilivyopatikana, utadhani mwandishi alikaa pembeni na kalamu yake. Ngoma zimepangwa kwa aina, za ibada mbali na za kanivali, kila moja na umbo lake na kazi yake katika jamii. Lakini mengi ya yaliyomo hayakupatikana kwa kuuliza. Yalipatikana kwa kuingia uwanjani na kucheza, na kwa maoni yangu njia hiyo ina thamani kuliko mpangilio wenyewe.

Dunham alizaliwa mwaka 1909 na kusoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikokuwepo mwanaanthropolojia Robert Redfield, huku akiendelea kucheza na kufundisha dansi. Mfuko wa Rosenwald ulimgharamia safari ya visiwa vya Karibiani mwaka 1935. Kabla ya kuondoka aliandaliwa na Melville Herskovits wa Chuo Kikuu cha Northwestern, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa Mirebalais, Haiti, akifanya utafiti wake mwenyewe. Kwa hiyo mbinu za kawaida za fani alizijua, na kamera ya filamu alikuwa nayo. Alichowazidi wenzake ni mwili uliokwisha kufundwa.

Somo la kwanza alilipata Jamaika, katika kijiji cha Accompong cha Wamaroon, watu ambao mababu zao walitoroka utumwa na kupigana na Waingereza hadi wakatambuliwa. Alikaa huko karibu mwezi mzima. Alitaka kuiona ngoma ya zamani ya Koromantee, akawa anaonyeshwa dansi za jozi zenye asili ya Ulaya, zile ambazo mgeni yeyote angeonyeshwa. Ahadi zilikuwa nyingi, ngoma haikuja. Siku zake zikiwa zinakaribia kwisha, kiongozi wa kijiji akiwa hayupo, ndipo alipoikuta inachezwa, naye akaingia kucheza. Kwa mtu wa daftari, wiki zile zingehesabika kuwa za hasara. Mimi naona ndizo zilizomwonyesha kwamba ngoma ya namna ile haina mahali pa kumweka mtazamaji. Uko ndani au hujaiona.

Haiti ilikuwa ngumu zaidi. Jeshi la Marekani, lililoikalia nchi tangu mwaka 1915, lilikuwa limeondoka mwaka 1934 tu. Mwaka uliofuata serikali ya Sténio Vincent ikapitisha sheria ya kupiga marufuku kile ilichokiita mila za ushirikina, yaani ibada za vodu. Fikiria sasa anakuja Mmarekani, anakaa karibu na wapiga ngoma, anauliza majina na kuandika. Hata angekuwa mweusi kama wao, kalamu ile ingewatia watu wasiwasi. Anayeinama na kucheza pamoja nao amejiweka mahali tofauti, kwa sababu naye sasa ana jambo la kuulizwa.

Tuitazame yanvalu, ngoma ya Damballa, pepo anayeonekana kwa sura ya nyoka. Mchezaji hukunja magoti na kuinamisha kiwiliwili mbele, mara nyingi viganja vikiwa juu ya mapaja. Kutoka kiunoni linapanda wimbi, linapita mgongoni, linafika kifuani na shingoni, na kabla halijaisha jingine limeshaanza chini. Hakuna pigo la kuonyesha kwamba mzunguko umekwisha. Sasa mwili wa Dunham ulikuwa umepitia baleti, ambayo hutaka mgongo ulionyooka na uzito uvutwe juu. Yanvalu inataka kinyume chake: uzito ushuke, magoti yabaki laini, mgongo usisimame hata mara moja. Hapa ndipo ninapouona utaalamu wake. Pale mwili wake ulipogoma ndipo palipokuwa na jambo la kuchunguza. Mtazamaji huona watu wameinama. Anayejaribu hugundua kwamba goti likikaza tu, wimbi lote linakatika, na kwamba kuinama kule si adabu peke yake, bali ndiko kunakoiwezesha ngoma kwenda muda mrefu bila kumchosha mchezaji.

Ngoma zinazopigwa ni tatu. Ndogo, bula, inashika mdundo usiobadilika. Ya kati inajibu. Kubwa, ambayo huitwa mama, inaongoza. Mpigaji wa ile kubwa akitaka, anauvunja mdundo ghafla, na wimbi la mchezaji linakwama njiani. Mvunjo huo mara nyingi ndio humkaribisha pepo kupanda. Anayezijua ngoma za pepo za Pwani hatashangaa, kwa maana huku nako kila pepo ana ngoma zake na nyimbo zake. Kwenye karatasi mvunjo ni alama moja tu kati ya alama nyingi. Kwa aliyekuwa katikati ya wimbi ni kama mtu anayeshuka ngazi akakuta kidato hakipo. Dunham aliweza kueleza uhusiano wa mdundo na kupandwa na pepo kwa sababu uhusiano huo ulipita mgongoni mwake. Vivyo hivyo kwa ngoma ya mabega, ambayo aliihusisha na pumzi: mabega yakitikiswa upesi kwa muda mrefu, pumzi nayo hufuata, na hali ya mchezaji hubadilika.

Wapo wanaosema kwamba utafiti wa namna hii hauna wa kuukagua, kwa kuwa hisia za mtu ni zake. Sikubaliani nao. Uwanja wa ngoma umejaa wakaguzi. Ukikosea, mpiga ngoma ataona, mzee atakuelekeza, jirani atakugusa kiuno kukuonyesha. Jibu linarudi papo hapo, kutoka kwa wenye ujuzi, na unalazimika kurudia. Ni tafiti chache za mahojiano zinazosahihishwa haraka namna hiyo.

Hata hivyo, ukaguzi huo una mpaka. Dunham aliingia hata kwenye ibada ya kuoshwa kichwa, ya kuwapokea wapya katika vodu, akalala chini na wari wenzake, wamebanana ubavu kwa ubavu, wakigeuka pamoja kwa ishara. Mzee anaweza kuthibitisha kwamba umegeuka inavyotakiwa; hawezi kuthibitisha kwamba umeamini. Dunham mwenyewe alisumbuliwa na swali hilo, na katika kitabu chake *Island Possessed* anaeleza wazi jinsi alivyoshindwa kupata mstari unaomtenga mshiriki na mwanasayansi. Namheshimu kwa kutolificha.

Matokeo ya utafiti aliyaweka pia jukwaani. *L'Ag'Ya*, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1938, ilitokana na ngoma ya mapigano aliyoikuta Martinique na kuipiga filamu. Baadaye akajenga mfumo wa mafunzo unaojulikana kwa jina lake, ambamo mwanafunzi hujifunza kuchezesha bega, kifua na kiuno kila kimoja peke yake, na ambamo yanvalu imo ikichezwa kwa ngoma za kupigwa papo hapo. Kuitoa yanvalu hekaluni na kuipeleka darasani ni kuipunguzia kitu, na hilo halikwepeki. Lakini uamuzi wa kubaki na wapiga ngoma ulikuwa sahihi kitaalamu, kwani bila wao mvunjo haupo.

Kasoro ninayoiona iko kwenye tarehe. Tasnifu inaongea kwa sauti ya kitaaluma. Simulizi pana la mwili uliojifunza, yaani *Island Possessed*, lilitoka mwaka 1969, zaidi ya miaka thelathini baada ya safari. Goti lilikataa lini, nani alilisahihisha, pumzi ilibadilika baada ya muda gani: hayo yalistahili kuandikwa usiku uleule, kando ya majina ya ngoma, na kuchapwa pamoja nayo. Sasa msomaji anayetaka kuupima utafiti huu hana budi kuviweka vitabu viwili mezani, na kutafuta katika cha pili sababu ya sentensi zilizomo katika cha kwanza.