Kazi ya Mwenye Ratiba

Anayepita kwa treni kati ya Mlimba na Makambako hutazama mahandaki na madaraja, akawasifu wahandisi na vibarua walioipasua milima ile. Wanastahili. Mimi humkumbuka pia mtu asiyeonekana pichani: aliyehakikisha baruti, saruji na unga vinafika kambini kabla havijaisha.

Reli hiyo, TAZARA, ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Benki ya Dunia iliona mradi huo haulipi. China ikakubali kuufadhili, na mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na katikati ya mwaka 1975 reli ilikuwa imekamilika, kabla ya muda uliopangwa. Wengi husema ilikuwa bidii. Bidii ilikuwepo, tena ya kupigiwa mfano, lakini maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina wenye bidii bila mpango wangeshinda porini wakisubiri kokoto.

Tazama ugumu wa kupanga kazi ile. Reli iliyokwisha kutandazwa ndiyo inayobeba vyuma na mataruma ya kipande kinachofuata, kwa hiyo ukikwama nyuma, mbele nako kumesimama. Handaki nalo halikubali haraka. Mwamba una mwendo wake. Mahandaki mengi ya njia nzima yako kwenye kipande hicho cha Mlimba na Makambako, na mpangaji mzuri hujiuliza mapema ni kazi ipi itakayowachelewesha wenzake wote, akaanza nayo, ili reli ikifika ikute njia iko wazi. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa ufundi huu.

Maofisini ufundi huu haupewi heshima yake. Meneja mradi huonekana mtu wa bango kitita na vikao visivyokwisha. Hebu msikilize Jumatatu asubuhi: "Mzigo wetu bandarini, kibali kiko kwa nani? Ameahidi siku gani? Mhasibu akiwa likizo, nani anasaini?" Maswali madogo, yanayochosha. Lakini miradi mingi niliyoiona ikifa haikufa kwa kukosa fedha. Ilifia kati ya dawati na dawati, ugavi wakidhani uhasibu wameshamaliza, uhasibu wakisubiri barua ambayo hakuna aliyeiandika. Meneja mradi ndiye mtu pekee katika taasisi ambaye kazi yake iko hapo katikati.

Kazi hii inahitaji ujasiri pia. Kumwambia mkurugenzi mwezi wa pili wa mradi, mbele ya wajumbe wa bodi, kwamba tarehe ya uzinduzi aliyokwisha kuitangaza haitafikiwa, si jambo jepesi. Anayelisema mapema, akiwa na ratiba mkononi, ameiokolea taasisi fedha nyingi, ingawa siku hiyo hatashukuriwa.

Tena mradi hauishii kwenye utepe. TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, kiwango ambacho haijawahi kukifikia; uhaba wa injini na matengenezo hafifu vimeiandama kwa miongo. Kujenga ni kazi moja, kuandaa watakaoendesha ni nyingine, na zote mbili zinahitaji tarehe, bajeti na jina la mhusika. Meneja mradi ninayemwamini huulizia vipuri, na mafundi watakaobaki, kabla jiwe la msingi halijawekwa.