Kung'oa breki iliyobaki

Seli hukaguliwa mara mbili kabla ya kugawanyika: kabla ya kunakili DNA yake, na tena baada ya kuinakili. Ukaguzi wa kwanza hutegemea protini ya p53. Katika saratani ya ovari ya aina ya serosi ya daraja la juu, uchambuzi wa jeni wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta p53 imeharibika katika asilimia 96 ya uvimbe. Seli hizo zimebakiwa na breki moja.

Breki hiyo ni kimeng'enya cha Wee1. Hubandika fosfeti kwenye kimeng'enya kingine, CDK1, kinachoamuru mgawanyiko. Fosfeti ikiwepo, amri haitoki, na seli hupata muda wa kukarabati DNA. Paul Nurse aliigundua jeni yake kwenye hamira huko Edinburgh miaka ya 1970: ikiwa na hitilafu, hamira ziligawanyika zikiwa nusu ya ukubwa wa kawaida.

Watafiti hawakujaribu kurudisha p53; waliamua kuing'oa na breki ya pili. Dawa ya kemotherapia ya jemsitabini ilikwamisha unakili wa DNA, na dawa nyingine, adavosetibu, ikaizima Wee1, ili seli iingie kwenye mgawanyiko na majeraha yake, ife. Vidonge vya adavosetibu vilimezwa siku mbili tu kwa wiki, wiki tatu kati ya nne, sambamba na dripu ya jemsitabini.

Matokeo ya wanawake 99 ambao saratani yao ilishakuwa sugu kwa dawa za platinamu yalitoka mwaka 2021. Muda wa kati wa kuishi ulifika miezi 11.4, dhidi ya 7.2 kwa waliopewa jemsitabini na kidonge kisicho na dawa. Lakini chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya kwa asilimia 62 ya waliopewa adavosetibu, dhidi ya asilimia 30 ya wenzao.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza udhaifu wa mbinu. Seli za uboho, ambazo hutengeneza chembe hizo, zina p53 nzima, ila nazo hugawanyika kwa kasi na huihitaji Wee1. Mwaka 2022 kampuni ya AstraZeneca iliacha kuiendeleza adavosetibu. Wazo lenyewe halikuachwa: dawa nyingine za kuizima Wee1 zinajaribiwa, na macho yako kwenye uvimbe wenye nakala nyingi za jeni ya saiklini E, ambayo huisukuma seli kunakili DNA kabla ya wakati. Kupotea kwa p53 kulikuwa kigezo kipana mno. Karibu kila mgonjwa alikuwa nacho, lakini si kila mgonjwa alinufaika.