Kulinda Kilele

Mti wa jamii ya mnazi una kilele kimoja. Mwembe ukikatwa utachipua ubavuni, na mgomba ukianguka vitoto vyake vitaendelea, lakini mnazi ukipoteza kichipukizi kilichofichwa katikati ya makuti, habari yake imekwisha, hata kama shina limesimama na mizizi ingali hai. Wakwezi na wagema wanalijua hili tangu utotoni. Ndiyo maana mdudu chonga, anayetoboa hadi moyoni mwa mnazi, huogopwa kuliko mwizi wa nazi. Mkindu huponea kwa kuota mashina mengi kutoka chini, na mkoma wa pwani yetu hugawanya shina lake, jambo ambalo wengi wa ukoo huo hawaliwezi. Waliobaki wameweka uhai wao wote mahali pamoja.

Nataka kuusifu ufundi wa watu wanaokilinda kilele hicho kwenye baridi. Wako kusini mwa Uingereza, wako Vancouver nchini Kanada, wako katika bustani ndogo za nyuma ya nyumba ambako asubuhi ya Januari bomba la maji limeganda na majani yote yamekuwa meupe kwa jalidi. Wapo wanaowaona kuwa ni watu waliozidiwa na hamu ya likizo, wanaolazimisha ufukwe mahali pasipo na bahari. Mimi nimewaangalia kazini kwa miaka kadhaa sasa, na nasema huu ni ukulima wa kweli, tena wa daraja la juu, kwa sababu haumruhusu mtu kubahatisha. Mtu asiyeujua mwili wa mti wake, pa nguvu na pa udhaifu, hataufikisha msimu wa tatu.

Mti unaotegemewa zaidi katika kazi hii ni Trachycarpus fortunei. Asili yake ni milima ya China, na wakulima wa huko waliutunza kwa karne nyingi kwa ajili ya nyuzi zinazolifunika shina. Ni kilifu kama cha mnazi wetu, ila hiki kimejaa shina zima, cheusi na kizito, tabaka juu ya tabaka. Walisokotea kamba, wakafungia mifagio, wakashonea mavazi ya kujikinga na mvua shambani. Philipp Franz von Siebold, tabibu wa Kijerumani, aliufikisha Ulaya mwaka 1830. Kisha Robert Fortune, Mskoti anayekumbukwa zaidi kwa kuchukua miche ya chai China na kuipeleka India, akaukuta katika kisiwa cha Chusan, ambacho leo huandikwa Zhoushan, na mwaka 1849 miche yake ikafika bustani ya Kew na bustani ya Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria. Waingereza mpaka leo wanauita kwa jina la kisiwa hicho.

Mti wa Chusan uliokomaa huhimili baridi ya takriban nyuzi 15 chini ya sifuri. Mnazi wetu usiku mmoja tu wa jalidi unaweza kuumaliza. Upo mwingine wenye ugumu zaidi, Rhapidophyllum hystrix wa kusini-mashariki mwa Marekani, unaoweza kuvuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Huo ni mfupi, umejaa miiba mirefu kama sindano, na hukua polepole mno. Wanaoupanda wana heshima yangu yote. Lakini moyo wangu uko kwa mti wa Chusan, kwa sababu una kimo: unanyanyuka juu ya paa la nyumba ya chini, unakunjua makuti yake ya umbo la upepeo, na mtu aliyezaliwa Tanga au Lamu akipita chini yake hugeuza shingo bila kutaka.

Baridi huuaje mti wa namna hii? Maji yaliyomo ndani ya seli na kuzizunguka huganda, seli hupasuka au kukauka, na sehemu iliyokufa hugeuka kuwa tope. Kwa miti mingi ya Ulaya hilo ni jeraha la kupona. Mwaloni una tabaka la kukua chini ya gome lake, hivyo kila mwaka huongeza unene na kufunika vidonda. Mti wa jamii ya mnazi hauna tabaka hilo. Mishipa yake ya maji imetawanyika ndani ya shina lote, na mshipa uliokufa hauzaliwi upya. Shina likiumizwa na baridi leo, litabeba jeraha hilo hadi mwisho wa maisha yake, miaka hamsini ijayo au zaidi. Wanaolijua hili hawachezi na shina. Nami ndiyo maana sipendezwi na mtindo ulioingia wa kuchuna kilifu chote ili shina lionekane laini na safi. Kilifu kile ni koti ambalo mti umelivaa wenyewe. Kulivua katika nchi ya theluji ili kuwapendeza wapita njia ni kukosa adabu kwa mti.

Basi kazi yenyewe huanza mapema sana, huanza na uchaguzi wa mahali. Mkulima mzuri atazunguka bustani yake majira ya baridi kabla hajanunua mche, aone jalidi inakawia wapi kuyeyuka, upepo wa kaskazini unapenyea kona gani, maji ya mvua yanatuama wapi. Ukuta wa matofali unaotazama kusini hunyonya jua mchana na kulirudisha usiku. Mteremko hufaa kuliko bonde, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini. Udongo unaoshika maji ni adui, kwa hiyo shimo huchanganywa kokoto na mchanga wa chenga kubwa. Upandaji ufanyike majira ya kuchipua, ili mizizi ipate joto la miezi mitano au sita ya kujishika kabla ya mtihani wa kwanza. Na mti uliopandwa ardhini hufaulu kuliko ulio kwenye chungu, kwani ardhi hupoa taratibu, bali chungu huganda pande zote kwa usiku mmoja. Mbolea ya kukuza majani husimamishwa mwishoni mwa kiangazi, ili mti usiingie baridini ukiwa na majani mororo.

Kuna bibi mmoja wa Kipemba anayeishi Coventry, katikati ya Uingereza, mbali na bahari pande zote. Baba yake alikuwa mkwezi. Mti wake wa Chusan sasa umempita kimo mara mbili, na kila Novemba mimi huenda kumsaidia, ingawa msaada wangu ni wa kushikilia ngazi tu. Jinsi anavyofanya kazi ile ndiyo iliyonifanya nikauelewa ufundi huu.

Kwanza hupanda ngazi na kusafisha kilele kwa vidole. Majani makavu ya mwaloni yaliyopeperushwa na upepo, makapi ya maua, uchafu wa ndege, vyote hutolewa. Halafu hukusanya makuti, akianza na yale ya ndani, huyainua pamoja hadi yasimame, na kuyafunga kwa utambaa mpana, kamwe si kwa waya wala kamba nyembamba, kwa sababu kuti likivunjika mahali pa kufungwa litaingiza maji. Hufunga mara tatu, chini, katikati na juu, bila kukaza. Mkono wake lazima upite kati ya utambaa na makuti. Shinani anatandaza matandazo ya majani makavu na mabua ya ngano, kina cha kiko cha mkono, lakini huacha nafasi pembeni ya shina ili lisioze. Juu kabisa huvika kofia ndogo isiyopitisha maji, iliyo wazi kwa chini. Hapo husimama na kuutazama mti kwa muda, kisha hufungua utambaa wa kati na kuufunga upya, kwa sababu haukumridhisha.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiuzungushie nailoni mti mzima, amalize. Akanijibu, "Mwanangu, huu hauuawi na baridi peke yake. Huuawa na maji yaliyolala." Na ni kweli tupu. Baridi ya Uingereza ina unyevu, mvua hunyesha wiki baada ya wiki, na tone lililotuama kwenye kilele likiganda, likayeyuka na kuganda tena, huchana nyama laini ya ndani na kufungua mlango kwa kuvu na bakteria. Nailoni hufungia unyevu huo humo humo. Kitambaa cha bustani kinachopumua hutumika usiku wa baridi kali tu, na siku ikitulia huondolewa. Wengine huzungusha taa za Krismasi za kizamani, zile za balbu zenye kutoa joto, na kuziunganisha na themostati ili ziwake joto linapokaribia kiwango cha hatari. Taa za siku hizi za LED hazina joto la kutosha kwa kazi hiyo. Desemba 2010, Desemba ya baridi kuliko zote nchini Uingereza tangu rekodi za kitaifa zianze mwaka 1910, bibi huyu aliuvika mti wake jioni na kuuvua asubuhi karibu mwezi mzima. Ulikuwa mdogo bado. Makuti mawili ya nje yalibabuka, kilele kikasalimika.

Huo mkono wa kufunika na kufunua ndio ninaousifu kuliko yote. Kuufunika mti ni rahisi, na hofu humfundisha mtu haraka. Kuufunua kwa wakati kunataka kujua hewa, kujua mti, na kuamini kwamba umeumbwa na uwezo wake. Miti mingi ya jamii hii iliyokufa Ulaya imekufa ndani ya blanketi, kwa kuoza, mikononi mwa watu walioipenda sana.

Mwezi Machi huja kipimo. Bibi hupanda ngazi tena, hushika kuti changa la katikati, lile ambalo bado halijafunguka, na kulivuta kwa wepesi. Likikataa, kilele ni kizima. Likichomoka mkononi, na mwisho wake ni wa kahawia na unanuka, kuoza kumeanza chini. Wengi hapo hukata tamaa na kuung'oa mti. Mafundi hawafanyi hivyo. Husafisha shimo lile, humimina haidrojeni peroksaidi ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3, wakingoja povu litulie, na baadaye hutia dawa ya ukungu yenye shaba, jamii moja na mrututu wanaoufahamu wakulima wa kahawa. Kisha huuacha mti wazi juani, wakiukinga na mvua. Hungoja Mei, Juni, hata Agosti. Kama kiini chenyewe hakijaguswa, kuti jipya litatoka, mara nyingi likiwa fupi na lenye ncha zilizokatika, na la pili litakuwa zima. Nimeuona mti uliokuwa umeandikiwa kifo ukitoa kuti Julai, na mwenye mti akaita majirani waje kulitazama.

Sifa hizi zina mpaka wake, nao uko Ticino, kusini mwa Uswisi. Huko mti wa Chusan umestawi kupita kiasi. Ndege hula matunda yake meusi-bluu na kuangusha mbegu msituni, na majira ya baridi yaliyopungua makali yameiachia miche iishi, hata miteremko mingine chini ya miti ya asili imejaa makuti. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 Uswisi imepiga marufuku kuuza mti huu. Naona wamefanya sawa. Anayeupenda mti anapaswa kuujua pia unapokuwa mzigo kwa wengine, na katika nchi zenye joto la kutosha na misitu iliyo karibu, kukata mashada ya maua ya kike kabla hayajazaa ni sehemu ya kazi kama ilivyo kufunga makuti. Miti dume na jike huwa tofauti, kwa hiyo si kila mwenye mti ana shughuli hiyo.

Kwa ndugu zangu mlioko ughaibuni, mnaosoma haya mkiwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba: msinunue mti mkubwa ulioletwa na lori, ambao mizizi yake imekatwa na bei yake ni mshahara wa mwezi. Chukueni mche wa kimo cha goti, ulioota kitaluni kwenye baridi ya huko huko. Pandeni Mei, ukutani upande wa kusini, kwenye udongo usiotuamisha maji. Miaka miwili ya kwanza mtadhani haukui, maana unajenga mizizi. Baridi ikija, kingeni kilele na mvua, funueni hewa ikitulia, na Machi vuteni kuti la katikati kwa wepesi.