Pongezi kwa Washika Daftari wa Kahawa
Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014, kinastahili hongera kwa kupeleka wanafunzi wake mafunzoni kwenye vyama vyenyewe. Akipangiwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, iliyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha Kagera, KCU, Bukoba au Muleba, mwanafunzi hakuti biashara ya vitabuni. Anakuta gunia la kahawa ya maganda kwenye mizani, kitabu cha risiti, na mkulima aliyekwisha kumuuzia mlanguzi butura, yaani kahawa ikiwa bado maua. Sasa piga hesabu: bei ya mlanguzi, bei ya chama, tofauti. Kumweleza hayo mzee mwenye kibanja, bila kumvunjia heshima, ni kugumu kuliko mtihani wa darasani. Chama nacho, kwa msaada wake, kinapata vitabu vilivyonyooka kabla mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hajabisha hodi.