Hiace Iliyoishia Njiani

Mnunuzi anayejua samaki pale sokoni Feri hafunui mkoba kabla ya kufunua mashavu. Gari lililoanza kugeuzwa kuwa la kulala, likaachwa nusu, nalo linakaguliwa vivyo hivyo, na bahati nzuri mashavu yake tayari yako wazi. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi hukimbilia kuyafunika. Mtu ameishiwa na pesa au hamu, lakini anajikongoja anunue plaiwudi ya mwisho, anaipigilia ukutani, anabandika kapeti, ndipo anatafuta mteja. Mimi nikiona plaiwudi bado inanukia duka ndani ya gari lisilo hata na kitanda, naomba bisibisi.

Kama unauza, acha wazi. Kama unanunua, anza na madirisha.

Dirisha lililoongezwa halikukatwa kiwandani. Limekatwa kwa grenda, mara nyingi na mwenye gari mwenyewe. Pitisha kidole kwenye ukingo wa bati, upande wa ndani. Ukingo uliopigwa msasa, ukapakwa praima kisha rangi, unateleza. Uliosahauliwa unakukwaruza na kukuachia unga mwekundu kidoleni, na hapo kutu imeshaanza kula bati. Halafu uliza kilichotumika kuziba. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki inapokauka, hutoa asidi inayokula chuma. Inayofaa ni gundi ya poliyurethani, ile ya mafundi wa vioo vya magari.

Nilijifunza hilo nilipouza Hiace yangu. Alikuja mzee mmoja, hata ndani hakuingia. Akasimama dirishani, akaingiza kidole, akakitazama.

“Hili nani alikata?”

“Mimi mwenyewe, mzee.”

“Umekata vizuri. Rangi umesahau, mwanangu.”

Zikaondoka laki tatu palepale, na sikuwa na la kujibu.

Baada ya bati, umeme, na hapa usiwe na haraka. Kosa la kawaida ni kumwita fundi wa nyumba. Waya wa nyumba mara nyingi ni uzi mmoja mnene wa shaba. Ukutani unatulia, garini unatikiswa kila siku mpaka unakatika ndani ya plastiki, nawe huoni kitu. Waya wa gari ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa. Tazama waya unapopenya kwenye bati: pana kipete cha mpira, au bati linausugua? Tazama maungio: yamebanwa kwa vichwa vya waya, au yamesokotwa na kuzungushiwa tepu? Na fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Unene wa waya ni hesabu, si kukisia. Friji ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampea 5, waya wa kawaida unaimudu. Birika la wati 1,500 kupitia inveta linavuta ampea 125 na zaidi kutoka kwenye betri ileile. Nimewahi kuonyeshwa inveta kubwa, mpya, imefungwa kwa waya wa kipimo cha taa. Muuzaji alijivunia inveta. Mimi niliona moto unaosubiri chai.

Kitanda kina mtego wake. Hiace nyembamba ya umbo lililotoka 2004 ina upana wa nje wa mita 1.695. Ondoa unene wa bodi, ondoa sponji ya kuzuia joto na plaiwudi, unabaki na nafasi isiyomtosha mtu mzima kujinyoosha kwa upana. Fremu ikiwa imeshachomelewa kukata upana, usiihesabu kama kazi iliyofanyika. Ihesabu kama kazi ya kung’oa. Ile pana, ya mita 1.88, unaweza kubishana nayo kidogo.

Makabati yanadanganya kwa uzuri. Mninga unapendeza, lakini karakana ya fanicha haipandi milima. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo kama 30. Tano zake ni sawa na abiria wawili wasioshuka. Milimita 12 inatosha sehemu nyingi. Kabati likamatwe kwa bolti kwenye mbavu za chuma, si kwa skrubu kwenye plaiwudi ya ukutani. Lisukume kwa bega; likijibu, halijafungwa.

Gesi ni neno moja: ikivuja inashuka, haipandi. Boksi la mtungi lisilo na tundu chini linalotokea nje ya gari ni la kubomoa.

Kuhusu bei, risiti zako ni kumbukumbu tu. Mnunuzi halipii siku ulizohangaika, analipia kazi ambayo hatairudia. Betri, friji na paneli ya sola ambavyo havijafungwa, mara nyingi vinapata bei nzuri vikiuzwa peke yake. Kinacholiongezea gari thamani ni picha ulizopiga kabla ya kufunika sakafu, na mchoro wa waya, hata kama umechorwa nyuma ya daftari la mtoto.

Yule mzee alihesabu pesa, akapokea kadi na ufunguo, akaniuliza kama nina msasa. Niliporudi nao, dirisha alikuwa ameshaling’oa.